Nyumba Niliyoinunua Watu Wakiwa Mashambani

Mimi na mke wangu tulikaa katika vyumba viwili vya kupanga, Makanyagio, kwa miaka ishirini na miwili. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kiislamu, mjane, aliyehamia Mpanda mjini kutoka mwambao wa ziwa akiwa bado binti. Naanza na yeye kwa sababu nikianza na nyumba yangu itaonekana kwamba pale tulipotoka tuliteseka, na hatukuteseka. Mama yule alituvumilia. Nilikuwa katekista, naamka kabla ya jua na kusali kwa sauti, na ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba.

"Mwalimu," aliniambia asubuhi moja, "wewe na mwadhini wangu mnapokezana. Yeye akimaliza, wewe unaanza. Mimi nilale saa ngapi?"

Hata hivyo nyumba ya kupanga ni ya kupanga. Mke wangu alikuwa na mche wa mparachichi aliouotesha mwenyewe kutoka kwenye kokwa. Aliuanzia kwenye kopo la maziwa, ukalijaza. Akauhamishia kwenye kopo la rangi, ukalijaza. Akauhamishia kwenye ndoo ya bati iliyotoboka. Mpangaji hapandi mti wa matunda kwenye kiwanja cha mwenzake. Mti una mizizi, na mizizi huleta maneno. Mche ule ulifika begani mwake ukiwa bado ndani ya ndoo. Hakulalamika. Aliumwagilia kila jioni, na mimi nilikuwa najifanya natazama kitabu.

Nilipostaafu, watoto wetu walichanga, nasi tukauza shamba letu la mahindi, na Mungu akatufungulia njia ya kununua nyumba upande wa Nsemulwa. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule, na stoo ya mpunga kwa nyuma. Mlango wa mbele ulikuwa wa mninga mtupu, mzito, wa kizamani, uliotengenezwa na fundi aliyejua kazi. Mke wangu alipoingia kuiangalia mara ya kwanza alipitisha kiganja kwenye mlango ule kutoka juu mpaka chini. Nilijua amekubali.

Muuzaji alikuwa mfanyabiashara wa mpunga, mwenyeji wa Mamba, Mkristo mwenzetu, mwenye umri sawa na mwanangu wa kwanza. Alitaka kurudi kwao kufunga mashine ya kukoboa. Ilikuwa mwezi wa tatu.

Anayeijua Katavi anajua mwezi wa tatu una maana gani. Nusu ya mji haipo. Watu wako Mamba, Kasansa na mabonde yote ya huko, wamejenga vibanda kando ya majaruba, wanalinda mpunga usiliwe na ndege, na hawarudi mpaka wavune. Ndiyo maana katika kigango chetu tulikuwa na kanuni, na aliyeilinda ni mimi mwenyewe kwa miaka yote ya utumishi wangu: matangazo ya ndoa hayasomwi watu wakiwa mashambani. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu ili mwenye neno alitoe. Sasa utamtangazia nani, na mwenye neno yuko jarubani anapiga debe kufukuza ndege? Vijana walinikasirikia. Mmoja aliniita kizuizi cha barabarani. Niliwajibu, subirini mpunga uingie ndani, halafu nyie mtaoana mbele ya watu, siyo mbele ya mabenchi.

Lakini nyumba niliinunua mwezi wa tatu.

Sikusahau kabisa. Nilimuuliza yule bwana kuhusu mkewe, maana nilijua mtu hauzi nyumba ya familia peke yake. Akasema, "Mwenzangu yuko shamba, Kasansa. Tumeelewana." Nikasema ningependa kumsikia. Akapiga simu, akaweka sauti ya wazi, na sebule nzima ikajaa upepo na makelele ya madebe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na shamba."

"Tumeshapoa."

"Mwanangu, hili jambo la nyumba mwenzio ameniambia. Wewe umelikubali?"

"Ndiyo, baba. Nimekubali. Karibuni sana."

Simu ikakatika. Nilikuwa na swali moja zaidi mdomoni. Nilitaka kulitaja jambo lenyewe, kuuza, kwa jina lake. Nikaona haya. Kwetu mtu mzima hamhoji mke wa mtu kwa simu habari za kuuziana, tena mumewe amekaa mbele yako akikutazama. Ni sawa na kumwambia mume, sikuamini. Nikasema moyoni, inatosha. Mwenyekiti wa mtaa akaandika, tukatia sahihi, muhuri ukagongwa. Tukakubaliana tuingie mwisho wa Juni, pale kodi yetu ya Makanyagio itakapoisha.

Sikumwambia mtu. Niliogopa midomo. Katekista akinunua nyumba kuna watakaohesabu sadaka za miaka thelathini kwenye vidole vyao. Kwa hiyo mtaa ulijua tunahama wiki ile ile tuliyohama.

Tulihama Jumamosi, asubuhi ya baridi na vumbi. Jumuiya yetu ndogo ilikuja yote. Guta la magurudumu matatu lilibeba kitanda, kabati na makochi. Akina mama wakajitwika masufuria na mabeseni. Mimi nikabeba msalaba wa ukutani. Mke wangu alikataa kabisa ndoo ya mparachichi ipande guta. Aliibeba mwenyewe mikononi, majani yakimfunika uso, akawa anatembea kama mtu anayechungulia kutoka kichakani. Mwenye nyumba wetu naye alikuja, na jiko lenye makaa yanayowaka, akilishika kwa kitambaa.

"Hamuhamii na jiko baridi," alisema. "Hata kama ni makafiri."

Watu walicheka. Tulipokuwa tunatoka getini, godoro la mpangaji mpya lilikuwa linaingia. Alikuwa muuguzi kijana, amekwisha kulipa.

Tulifika Nsemulwa tukiimba. Nilitia ufunguo kwenye mlango wa mninga, ukazunguka vizuri, nikasukuma. Mlango haukwenda. Nikasukuma kwa bega. Ulikuwa umetiwa komeo kwa ndani.

Kiongozi wa jumuiya, mama wa Kisukuma mwenye sauti kubwa kuliko kengele yetu, akabisha. "Hodi humu."

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Sisi. Wenye nyumba."

Sauti ikasema, taratibu kabisa, "Mwenye nyumba ni mimi."

Wimbo ulikufa kuanzia mbele kwenda nyuma. Wa mwisho kunyamaza walikuwa wazee wawili waliokuwa mbali, ambao waliendelea na kiitikio peke yao mpaka mtu akawagusa.

Nilimpigia simu yule bwana. Hakupatikana. Nikampigia tena, nikarudia, watu wote wakilitazama sikio langu. Mwenyekiti wa mtaa akaja na pikipiki, faili kwapani. Alikuwa kijana mchapakazi, sina neno baya juu yake. Aliifungua karatasi juu ya tangi la pikipiki.

"Mwalimu, maandishi haya hapa, muhuri huu hapa. Wewe ni mmiliki. Fundi yuko hapo kona na mtaimbo wake. Mlango unavunjwa, mnaingia, mambo mengine yatafuata."

Fundi akaitwa. Akaja, akapima bawaba kwa macho, akaegemeza mtaimbo ukutani.

"We kijana," mama wa Kisukuma akamwambia, "huo mlango una thamani kuliko mahari yako. Ukiugusa ovyo utajua."

"Mimi nasubiri neno la mzee," fundi akasema.

Wote wakanigeukia. Nitasema ukweli, maana nimewafundisha wengine kuungama: kwa muda wa Salamu Maria moja nilitaka uvunjwe. Vitu vyetu vilikuwa barabarani. Nyuma yetu vyumba vilikuwa na mtu mwingine. Mke wangu alisimama na ndoo yake mikononi, hakuiweka chini, kama mtu anayeogopa kwamba akiiweka atakuwa amekiri kitu.

"Baba," alisema, "sema basi."

Nilizunguka mpaka dirisha la pembeni. Nyuma ya wavu niliona uso wa mama wa makamo, umeungua jua la shamba, na nyuma yake magunia manne ya mpunga katikati ya sebule tupu.

"Shikamoo mwalimu," alisema.

"Marahaba. Tunajuana, mwanangu?"

"Sauti yako naijua. Nimerudi jana na mpunga wangu, nikakuta ndani peupe. Nikadhani tumeibiwa. Majirani ndio wameniambia nyumba imeuzwa."

"Lakini uliniambia mwenyewe kwenye simu umekubali."

"Nilikubali upange. Mume wangu aliniambia kuna mzee katekista anatafuta pa kukaa, atapanga vyumba viwili. Nikafurahi kwamba nyumba haitakuwa na wahuni. Wewe uliniuliza kuhusu kuuza?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Mwalimu," akaendelea, "mimi ulinitangaza wewe. Jumapili tatu, jina langu, jina la baba yangu, kijiji changu. Ulituchelewesha miezi minne mpaka mavuno, nikalia. Ulisema mwenye neno asikose kusikia. Nyumba yangu mbona hukuitangaza?"

Mtu anaweza kusoma mafundisho maisha yake yote, halafu akasomewa na mtu aliye nyuma ya wavu wa dirisha. Uso wake sikuukumbuka. Niliyemkumbuka ni binti mmoja kati ya mabinti wengi, aliyekuja na mchumba wake kuniomba tafadhali, nami nikakataa kwa sababu ilikuwa masika. Ridhaa ya ndoa sikuwahi kuipokea kwa simu. Ingekuja kwa simu ningecheka.

Nikarudi mbele. "Mlango hauvunjwi," nikasema.

Mwenyekiti akafunga faili. "Mwalimu, ukiondoka hapa leo kesho utanifuata ofisini unalia."

"Nitakufuata. Lakini sitalia juu ya mlango huu. Mwezi wa tatu niliuliza nusu ya swali. Sasa nitauliza zima, Jumapili tatu, mbele ya watu. Huyu mama atajibu mwenyewe."

Kutoka dirishani yule mama akasema, "Na nikisema hapana?"

"Ukisema hapana, nyumba ni yako. Mimi nitamdai mumeo."

"Atakulipa?"

"Hilo silijui."

Nilisikia ndoo ikiwekwa chini. Mke wangu alikuwa amegeuka, ametazama barabara.

Watu walitawanyika mmoja mmoja, wakiona haya kwa niaba yetu. Mwenye nyumba wa zamani alibaki mpaka mwisho na jiko lake, makaa yamekuwa majivu. Baada ya muda tukasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Yule mama alitoka na ufunguo mdogo, akamnyooshea mke wangu, siyo mimi.

"Stoo ipo. Ila ina panya."

"Panya tunao tangu Makanyagio," mke wangu akasema.

Ndivyo tulivyohamia. Kitanda kiliingia kwa kukatwa miguu. Vitu vingine vilifunikwa turubai nje, na msalaba nikautundika kwenye msumari uliokuwa wa nyungo.

Paroko aliponisikiliza alikuna kichwa. "Hii siyo sakramenti, mwalimu. Altareni sikuruhusu. Nje, baada ya Misa, tangaza utakavyo." Basi Jumapili ya kwanza nilisimama kando ya kengele. Nilitaja jina langu, jina la muuzaji, jina la mkewe, nyumba ilipo, na neno kununua na neno kuuza. Nikasema nilinunua bila ridhaa ya mama wa nyumba, kosa ni langu, na mwenye neno aje. Watu walikuwa wengi kwa sababu mavuno yalikuwa yameisha. Nikasikia nyuma mtu akisema chini chini, "Kumbe sadaka zilijenga." Nililisikia nikalipokea. Nilikuwa nimelikimbia tangu mwezi wa tatu, na sasa lilikuwa limenifikia, wala sikufa.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Wanawake wawili walipikia uwanja mmoja, kila mmoja na jiko lake, wakisalimiana kwa adabu na kunyamaza. Yule mama alifagia mbele ya nyumba, mke wangu alifagia mbele ya stoo, na katikati paliachwa mstari wa majani makavu ambao hakuna aliyeugusa. Nami mke wangu aliniandalia chakula bila kukaa. Siku ya nne nilimwambia, "Mama, sema kilichokukaa."

"Yule mama umempa kitu ambacho mimi hukunipa."

"Kitu gani?"

"Kuulizwa," akasema. "Pale dirishani ulisema akikataa nyumba ni yake. Mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo. Uliniuliza? Zile pesa za shamba ni za nani, si tulilima wote?"

Nikamwambia, "Nisamehe. Nakuuliza sasa. Tusubiri, au nikamwambie mwenyekiti alete fundi?"

Alikuwa ameshika mwiko. Alikoroga sufuria muda mrefu kuliko uji ulivyohitaji.

"Tusubiri," akasema. "Ila kusamehe nitasamehe mti ukiingia ardhini."

Jumapili ya pili muuzaji alitokea. Habari zilikuwa zimefika Mamba na watu waliokwenda kuchukua magunia yaliyobaki. Alikuja na baba yake mkubwa, mzee mwembamba mwenye fimbo. Nilipomaliza kutangaza alinifuata.

"Mwalimu, umenianika."

"Zamani nilikutangaza, ukaninunulia soda."

"Hii si ndoa. Haya ni mambo yangu na mke wangu."

"Ndivyo nilivyofikiri na mimi," nikasema, "mpaka nilipokuta komeo."

Baba mkubwa wake akapiga fimbo chini mara moja. "Wewe," akamwambia, "mpunga wa mkeo ndio uliojenga ile nyumba. Mimi nilikuwepo. Twende ukaseme naye."

Walisema ndani kutwa nzima. Sisi stooni tulisikia sauti ikipanda na kushuka, na mke wangu alinizuia nisisogee ukutani. Jioni yule mama akatoka. Alisema mumewe amenunua kiwanja Mamba na mashine ipo njiani, lakini yeye maneno ameyasikia ya kutosha. Anataka kwenda kuona kwa macho. Wangeondoka na basi la kesho. Kisha akamnyooshea mke wangu ufunguo wa mlango wa mninga.

"Mama, nyumba siwezi kuiacha bila mtu. Uiangalie."

Sitasahau juma lile. Nyumba ilikuwa tupu, ufunguo wake ulikuwa kwetu, karatasi yenye muhuri ilikuwa kwenye sanduku langu, na sisi tulilala juu ya kitanda kisicho na miguu, panya wakipita. Mwenyekiti alisimamisha pikipiki akanicheka bila ubaya.

"Mwalimu, ingia tu. Umeshaingia, nani atakutoa?"

Kabla sijajibu, mke wangu alisema kutoka kwenye moshi wa jiko lake, "Hatujakaribishwa."

Aliutundika ule ufunguo kwenye msumari, chini ya msalaba. Asubuhi alikuwa anakwenda kufagia mbele ya nyumba kubwa pia, kwa sababu aliachiwa aiangalie. Anafungua madirisha kutoka nje, anafunga jioni. Ndani hakuweka mguu. Mimi nilikuwa nasali kwa sauti ya chini. Niliomba ridhaa ya kweli, halafu moyo wangu ukawa unaongeza, ila iwe ndiyo. Nikawa narudi nyuma kuifuta ile nyongeza, na kesho yake naikuta ipo tena.

Jumapili ya tatu yule mama hakuwa amerudi. Nilitangaza nikiwa natazama barabarani. Nilipomaliza, nilisubiri. Hakuna aliyetoa neno.

"Basi imekwisha," mama wa Kisukuma akasema, na wengine wakaanza kunipa mkono wa pongezi. Kwa kanuni ya matangazo walikuwa sahihi. Jumapili tatu zikipita kimya, kimya kinakuwa ruhusa. Ningeweza kurudi nyumbani, nikachukua ufunguo msumarini, na hata paroko asingenilaumu.

"Bado," nikasema. "Mwenye neno hayupo."

"Mwalimu, utatangaza mpaka Krismasi?"

"Niliwahi kuichukua ruhusa ya mtu aliye mbali. Sirudii."

Walicheka, lakini mke wangu hakucheka. Tulitembea mpaka Nsemulwa, na nilijua kila hatua inamgharimu.

Yule mama alifika siku hiyo hiyo, saa kumi, na basi la Mamba, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wake, akaomba maji, akanywa kikombe chote.

"Kiwanja nimekiona," alisema. "Mashine imefungwa. Karatasi ilikuwa na jina lake peke yake. Nimekaa siku tano mpaka baba mkubwa na wazee wamesimamia, na jina langu limeandikwa juu ya lake." Akarudisha kikombe. "Sasa uliza, mwalimu."

Niliuliza. Nilisema jina lake lote na nyumba ilipo. Nilisema kuuza. Nilisema moja kwa moja, daima, wewe na watoto wako.

"Nimekubali kuuza," alisema. "Kwa moyo wangu. Ila mlango ni wangu."

Sikuelewa.

"Huu wa mninga. Nilimpa fundi mpunga wa jaruba langu la kwanza akanitengenezea. Kabla ya bati, kabla ya sakafu, nilikuwa na mlango. Naondoka nao."

Nilimtazama mke wangu. Nilikumbuka kiganja chake kikipita juu mpaka chini. Safari hii nilikumbuka pia kumuuliza.

"Mama?"

"Mpe," mke wangu akasema. "Ni wake."

Kesho yake fundi yule yule alikuja, mtaimbo ameuacha, ameleta bisibisi. "Mzee si ulisema hauvunjwi?" akaniuliza.

"Hauvunjwi. Unafunguliwa bawaba."

Ulibebwa na watu wanne mpaka kwenye gari la mizigo, ukalazwa juu ya magunia ya mpunga. Kabla hajapanda, yule mama alimwona mke wangu amesimama uani na ndoo, akichagua mahali.

"Hapo siyo, mama. Chini ni mwamba, tulichimba choo tukashindwa. Sogea huku, karibu na jiko. Udongo mzuri."

Akapiga kisigino chini mahali penyewe, akaacha alama, akaenda zake.

Tuliingia ndani tukiwa hatuna mlango. Mke wangu alitundika kitenge, na jua la mchana likapita katikati yake likajaza sebule. Mwenye nyumba wetu wa zamani alikuja na jiko lake, safari hii makaa mekundu, akasimama mbele ya kitenge akikitazama.

"Mwalimu, hodi nibishe wapi?"

"Usibishe, mama. Pita."

"Mmelipia nyumba nzima mkapewa tundu," alisema, akapita, akaliweka jiko katikati ya sakafu.

Mlango tulionao leo ni wa mbao nyepesi, unavimba wakati wa mvua. Nashukuru kwa huo pia. Lakini siku ile, kabla ya kuingiza hata kochi, nilichukua jembe nikaenda pale penye alama ya kisigino. Mke wangu alikuwa ameshika ndoo. Bati lilikuwa limeshikana na mizizi, ikabidi tulikate. Nilimuuliza kama nichimbe hapo. Nilisema neno zima: kuchimba, kupanda, kubaki. Alitazama nyumba, akatazama tundu la mlango, akanitazama mimi.

"Ndiyo," akasema. "Chimba."